Njia ya Gari ya Changarawe Inayostahimili Mvua: Mwongozo wa Kujenga na Kutunza

Kila mvua zinapoanza, maswali yanarudi yale yale. Mtu amemwaga tripu tatu za kokoto mbele ya nyumba na zote zimezama. Mwingine gari lake linapanda hadi katikati ya mwinuko, linateleza na kurudi kinyumenyume hadi kwenye migomba. Mwingine anauliza kama kalavati, lile bomba pana la kupitisha maji chini ya njia, ni lazima, au kama moramu (changarawe ya kuchimbwa yenye udongo) nyekundu ni bora kuliko ya njano. Majibu nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo aweze kuifanya na vibarua wachache na fundi wa kawaida, bila greda.

Mifano mingi inatoka wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambako mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na msimu wake huanza Novemba ukaendelea hadi Mei. Aliyeko Bukoba, Kisii au Kericho kazi yake ni ile ile. Abadilishe miezi tu.

Kabla ya yote, lishike hili. Njia ya nyumbani hupitiwa na gari moja au mawili kwa siku, na uzito huo changarawe iliyowekwa vizuri inaumudu. Kinachoimaliza ni maji: yale yanayotiririka juu yake na kuizoa, na yale yanayokaa chini yake na kuilainisha. Kama fedha ni kidogo, zitangulie kwenye mitaro na kalavati. Njia ya udongo mtupu yenye mitaro mizuri itapitika siku nyingi kuliko tripu sita za changarawe zilizomwagwa mahali ambapo maji hayana pa kwenda.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Njia yenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 3 ni mita za mraba 75, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inaiangushia lita 3,000. Paa la mita za mraba 120 linaongeza lita 4,800, na kama halina gata, maji hayo nayo yanashukia njiani. Hapo hujahesabu yanayotoka kwa jirani wa juu na yanayotoka barabarani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Ruhusa. Mtaro wa barabara ulio mbele ya geti lako si wako. Tanzania, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa TANROADS, na za wilaya ziko chini ya wakala wa TARURA ulioanzishwa 2017. Kenya utaenda kwenye mamlaka za barabara za KeNHA, KURA au KeRRA, au kwa serikali ya kaunti, kutegemea aina ya barabara. Omba ruhusa ya kuingilia na uulize ukubwa wa kalavati wanaoutaka. Ukiziba mtaro kwa mawe na udongo ili gari lipite, maji yatavuka barabara, yatamharibia mwenzako wa upande wa pili, na utaamriwa kubomoa kwa gharama zako.

Makubaliano na majirani. Maji utakayoyatoa kwenye njia yako yatakwenda mahali fulani. Zungumza na wa chini yako kabla hujachimba, na kama kuna ubishi, mwite mwenyekiti wa mtaa au kitongoji aone penyewe.

Majira. Anza mvua zikiwa zimekatika na udongo bado una unyevu kidogo. Rungwe hiyo ni Juni na Julai. Udongo uliokauka kabisa hautashindilika mpaka uununulie maji, na uliolowa tepetepe utayumba chini ya mashine.

Zana: majembe, sululu, machepe, toroli, reki ya chuma, panga, nyundo ya mawe, tepu, mambo ya miti (vigingi vya kupiga ardhini) na uzi wa fundi, pimamaji, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani kwa ajili ya kusawazishia, pipa la maji, na mashine ya kushindilia ya kukodi kwa siku mbili hivi. Mawe, changarawe na kalavati tutavifikia kwenye hatua zake. Usiagize changarawe sasa. Ikifika mapema itamwagwa mahali pabaya, itachanganyika na udongo, na watu wataanza kuitumia kwa kazi nyingine.

Hatua ya 1: Yafuate maji mvua ikinyesha

Kama bado mvua zipo, vaa buti na mwavuli, simama kwenye kiwanja wakati inanyesha kweli kweli. Angalia maji yanaingilia wapi, yanakusanyika wapi, yanatokea wapi. Piga mambo kwenye sehemu hizo tatu. Kama ni kiangazi, tafuta alama: mifereji midogo iliyochimbika, mchanga uliojikusanya, majani yaliyolalia upande mmoja, sehemu ambayo nyasi ni za kijani wakati kwingine zimekauka. Hapo penye kijani huenda maji yako karibu chini ya udongo, na ndipo njia itakapozama kwanza.

Kiwanja kilicho chini ya barabara kina shida yake ya pekee: maji ya barabarani yataona njia yako kama mtaro. Panga tangu sasa kuinua tuta pana la sm 10 hadi 15 pale getini, likiwa na mteremko mpole pande zote mbili ili gari lisigonge tumbo. Kiwanja kilicho juu ya barabara kina shida ya kinyume chake, maana changarawe yako itashukia barabarani. Hapo utahitaji kuyatoa maji pembeni kabla hayajafika getini.

Na upande wa nyumba, mita 3 za mwisho zisishuke kuelekea ukutani. Ikiwa haiwezekani, weka mtaro wa zege wenye chuma juu, mbele ya baraza au gereji.

Hatua ya 2: Piga mambo na upime mteremko

Upana wa mita 3 unatosha kwa gari dogo na kwa lori la kuleta vifaa. Kwenye kona ongeza hadi mita 4. Piga mambo pande zote mbili, funga uzi.

Sasa pima njia inashuka kiasi gani. Jaza maji kwenye mpira, shika ncha moja juu na nyingine chini, kwenye mambo mawili yaliyo mbali kwa mita 10. Maji yakitulia, pima kimo chake kutoka ardhini kila upande, kisha toa kimoja kwenye kingine. Tofauti ya mita moja katika mita 10 ni sm 10 kwa kila mita. Changarawe inakaa vizuri ikiwa mteremko hauzidi sm 8 kwa mita. Kati ya 8 na 12 itakuhitaji matunzo ya mara kwa mara. Ikizidi 12 kwenye mvua hizi, usiweke changarawe peke yake. Nenda kwenye maelezo ya mikanda ya zege hapo chini. Wakati mwingine kuizungusha njia kidogo kuambaa mlima kunapunguza mteremko, na kunagharimu kuchimba tu.

Hatua ya 3: Chimba mitaro

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayokuomba uifanye kwa moyo wote.

Kwenye eneo tambarare kidogo, chimba pande zote mbili. Kwenye ubavu wa mlima, mtaro mkubwa uwe upande wa juu, unaokinga maji kabla hayajafika njiani. Kina cha sm 30 hadi 40 kutoka ukingo wa njia, sakafu ya mtaro sm 30, na kuta zilale kidogo. Kuta zilizosimama wima zitabomoka mvua ya kwanza. Mtaro nao ushuke angalau sm 2 kwa kila mita, la sivyo utajaa tope.

Kila baada ya mita 20 hivi, upande ambao ardhi inashuka, toa tawi la mtaro liondoke njiani kwa pembe na kumwaga maji kwenye nyasi au migombani. Maji kidogo yakitolewa mahali pengi hayana nguvu. Yakiachwa yote yakusanyike hadi chini, yatachimba korongo.

Mtaro unaoshuka sana unahitaji vizuizi vya mawe vya kupunguza mwendo wa maji. Ukishuka chini ya sm 5 kwa mita, huhitaji. Kwa sm 5 weka kimoja kila mita 20, kwa sm 8 kila mita 10, na kwa sm 10 kila mita 5. Panga mawe kukatiza mtaro, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite juu ya katikati, na tandaza mawe mengine mbele yake pale maji yanapoangukia. Kosa la kawaida ni kujenga kizuizi kilichonyooka juu au kirefu mno. Maji yakikutana nacho yanazunguka pembeni na kuingia njiani, yaani umejenga bwawa. Kuta za mtaro panda ukoka. Kwenye kingo zilizosimama panda nyasi za vetiva kwa mstari unaofuata usawa wa mlima, miche ikiachana sm 10 hadi 15.

Maji ya paa yaingize kwenye gata na tenki. Yanayofurika yapewe mtaro wake, mbali na njia.

Hatua ya 4: Weka kalavati getini

Kama kuna mtaro wa barabara wa kuvuka, kalavati ni lazima. Mwenye barabara asipokupa kipimo kingine, tumia ya sm 60. Bomba la plastiki la inchi 4 au 6 ambalo watu wengi hulitumia litazibwa na jani moja la mgomba na konzi ya tope, na kulizibua haiwezekani kwa sababu mkono hauingii.

Makalavati ya zege mengi huuzwa vipande vya mita moja. Kwa njia ya mita 3 nunua vipande vitano, ili kingo zisikaribie magurudumu. Chimba hadi usawa wa sakafu ya mtaro, tandaza changarawe sm 10 na uishindilie, kisha laza vipande vikishuka sm 3 kwa mita. Maungio yazibe kwa mota ya saruji na mchanga. Rudisha udongo pande zote mbili kwa pamoja, tabaka za sm 15, ukishindilia kila tabaka. Ukijaza upande mmoja kwanza, kalavati itasogea. Juu yake kuwe na angalau sm 45 za udongo na changarawe. Mwisho jenga ukuta mdogo wa mawe kila upande, na tandaza mawe pale maji yanapotokea.

Mtaro ukiwa wa kina kifupi kiasi kwamba sm 45 hazipatikani, usilazimishe. Mwambie fundi ajenge kuta mbili za mawe na kufunika kwa zege lenye nondo.

Hatua ya 5: Ondoa udongo wa juu

Changarawe haikai juu ya udongo wenye mizizi na mboji. Udongo huo unaoza, unanyonya maji, na unapanda juu. Ondoa sm 15 hadi 20 na uupeleke bustanini, ni mzuri kwa mboga.

Baada ya hapo chukua nondo ya mm 12 uisukume ardhini kwa mkono. Ikizama kwa urahisi kupita sm 20, hapo ni laini na patahitaji msingi wa mawe. Sehemu nyingi za Rungwe udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi na wenye kina kirefu, kwa hiyo usichimbe mita nzima ukitafuta pagumu. Chimba sm 30, weka mawe.

Kosa kubwa la hatua hii: watu huchimba sakafu iliyonyooka, kingo zikiwa juu pande zote, kama beseni. Wakishajaza changarawe inaonekana safi, lakini chini yake maji yamekaa hayana pa kutokea, na njia itaanza kutikisika. Sakafu ya udongo yenyewe ipewe mgongo, katikati juu na pembeni chini, na kingo zake zifunguke kuelekea mitaroni. Kisha ishindilie.

Hatua ya 6: Msingi wa mawe

Kama udongo ni mgumu na wa kichanga, unaweza kuruka hatua hii. Kwenye udongo laini au wa mfinyanzi, usiiruke.

Panga kwa mkono mawe ya sm 10 hadi 15, upande mpana chini, yakikazana. Pigilia vipande vidogo kwenye nafasi zilizobaki kwa nyundo. Tandaza juu yake kokoto kubwa au changarawe ya mawe kujaza matundu, shindilia. Yale mawe mepesi yenye matundu, ya pumisi, yasitumike hapa, maana gurudumu linayasaga yakawa unga. Tafuta jiwe la volkano jeusi na zito.

Ukipata kitambaa cha jiotekstaili kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kilaze chini ya mawe, vipande vipandiane sm 30 au zaidi. Kinapitisha maji na kuzuia tope. Nailoni ya turubai haifanyi kazi hiyo, inazuia maji yasishuke na njia inateleza juu yake. Viroba vya salfeti navyo vitachanika mwaka huo huo.

Hatua ya 7: Chagua na ununue changarawe

Rangi haikuambii chochote. Changarawe nzuri ya juu ni mchanganyiko wa vitu vitatu: mawe yenye kona, mchanga, na udongo wa mfinyanzi wa kutosha kuvigandisha. Mawe yasizidi sm 4.

Kokoto tupu za robo tatu ya inchi, safi na za saizi moja, hazishikani. Zitaserereka pembeni kila gari likipita. Kama kwenu kuna mashine ya kusaga kokoto, omba zilizochanganyika na vumbi lake. Kokoto za mtoni za duara ziache kabisa kwa sehemu ya juu.

Nenda kwenye machimbo mwenyewe na ufanye vipimo hivi viwili. Cha kwanza: ondoa mawe, lowesha kilichobaki, viringisha donge la ukubwa wa yai, lianike siku mbili. Likisagika kwa kuguswa, mfinyanzi hautoshi. Likiwa gumu hadi kidole gumba kinashindwa kulivunja, na lilipokuwa bichi liliteleza na kunata mikononi, mfinyanzi umezidi. Cha pili: jaza nusu ya chupa inayoonyesha ndani kwa mchanganyiko huo usio na mawe, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha ilale usiku. Mchanga utakaa chini na udongo laini juu yake. Udongo laini ukiwa karibu robo ya vyote, nunua. Ukizidi theluthi, kwenye mvua zetu utateleza.

Machimbo yasipokuwa na mchanganyiko kamili, changanya mwenyewe. Sehemu mbili za kokoto kwa moja ya moramu yenye mfinyanzi ni mwanzo mzuri, kisha rudia kipimo cha donge kwa ile sehemu laini.

Sasa kiasi. Njia ya mita 25 kwa 3, tabaka la sm 15 baada ya kushindiliwa: 25 × 3 × 0.15 ni mita za ujazo 11.25. Changarawe iliyolegea hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo zidisha kwa 1.3, unapata karibu 14.6. Usinunue kwa neno "tripu". Chukua tepu upime bodi ya lori: mita 3.5 kwa 2 kwa 0.6 ni mita za ujazo 4.2, basi hapo unahitaji tripu nne. Hakikisha limejaa hadi juu kila mara.

Hatua ya 8: Mwaga, sambaza, toa mgongo

Mwambie dereva amwage mafungu yenye nafasi sawa, akianzia mwisho wa njia akirudi nyuma, asikanyage mitaro. Sambaza kwa chepe na reki, mkichanganya mawe na udongo laini vizuri, maana kwenye kumwaga mawe makubwa hukimbilia chini ya fungu. Usiweke sm 15 kwa mkupuo. Weka tabaka mbili. Mashine ndogo ya kushindilia yenye sahani ya chuma haishindilii kupita kina cha sm 10.

Mgongo ni mteremko wa sm 5 kwa kila mita kutoka katikati kwenda ukingoni. Kwa njia ya mita 3, katikati iwe juu kuliko kingo kwa sm 7.5. Tengeneza kipimo: chukua mbao iliyonyooka ya mita 1.5, pigilia kwenye ncha moja mguu wa sm 7.5. Ncha isiyo na mguu iweke katikati ya njia, yenye mguu ukingoni, na pimamaji juu ya mbao. Povu likikaa katikati, mteremko ni sahihi. Kabla ya kushindilia zidisha hadi sm 10, maana katikati itashuka. Wengi wanaogopa mgongo kwa kuona gari litainama. Halitainama, sm 7.5 hata hutazisikia ukiwa kwenye usukani, na bila hizo maji yatatuama.

Njia inayoambaa ubavu wa mlima inaweza kuinamia upande mmoja badala ya kuwa na mgongo, ikishuka kuelekea mtaro wa upande wa mlima.

Hatua ya 9: Shindilia ikiwa na unyevu

Kamata konzi ya changarawe, ibane. Ikishikana bila kutoa maji kati ya vidole, iko tayari. Ikisambaratika, nyunyizia maji. Ikitoa maji, subiri jua.

Anza kingoni ukija katikati, ili changarawe isisukumwe nje. Pita mara sita hadi nane, mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Kisha tabaka la pili. Kukosa mashine si sababu ya kuacha: vishindilio vya mkono vya chuma au gogo zito vinaweza, kwa tabaka nyembamba za sm 7, ingawa ni jasho. Kuendesha lori lililojaa mbele na nyuma kunasaidia, ila libadilishe mstari kila mara, la sivyo utapata mifereji miwili.

Kwa wiki mbili za kwanza mwambie kila dereva asikanyage alama zile zile za magurudumu. Sehemu zitakazodidimia, jaza mara moja.

Penye mlima mkali: mikanda miwili ya zege

Barabara ya Lawate–Kibong'oto wilayani Siha, Kilimanjaro, ni moja ya zilizojaribiwa aina hii ya ujenzi, na kwa nyumbani inafaa sana kwa sababu unamwaga zege pale tu magurudumu yanapokanyaga. Kila mkanda uwe na upana wa sm 60 na unene wa sm 12 hadi 15, juu ya changarawe iliyoshindiliwa. Kutoka katikati ya mkanda mmoja hadi katikati ya mwingine iwe mita 1.5, pima magurudumu ya gari lako kwanza. Ratio ya zege ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Acha kiungio kila mita 2 au 3. Piga uso kwa ufagio mgumu kukatiza mwelekeo wa gari, usiulainishe kwa mwiko, utateleza. Mwagilia siku saba, usipitishe gari wiki nne.

Katikati ya mikanda usiache udongo mtupu, maji yatachimba hapo. Panga mawe kwa mota, na kila mita 5 hadi 10 weka mfereji mwembamba wa mshazari unaoyatoa nje.

Matunzo

Baada ya kila mvua kubwa, tembea njia nzima na jembe mkononi. Ni kazi ya dakika chache: zibua kalavati, ondoa majani kwenye vizuizi, fungua mahali maji yalipotuama. Mvua yenyewe itakuonyesha kosa lilipo, ila ukichelewa siku tatu alama zimefutika.

Oktoba, kabla ya msimu, safisha mitaro yote. Tope lililotoka mtaroni lisirudishwe njiani. Watu hulitumia kujazia mashimo, na ni udongo ule ule uliouondoa mwanzo. Fyeka nyasi za kingoni na uzikate na ardhi yake, kwa sababu zikishika udongo huwa tuta dogo linalozuia maji yasitoke njiani. Punguza matawi na migomba inayofunika njia, ipigwe na jua ikauke.

Mara mbili kwa mwaka, udongo ukiwa na unyevu, vuta kwa reki changarawe iliyokimbilia kingoni irudi katikati, pima mgongo kwa ile mbao yako, shindilia. Weka akiba ya fungu moja la changarawe ile ile kando, umelifunika. Uso ukianza kuonyesha mawe ya msingi, ongeza sm 5, baada ya kuukwaruza kwanza kwa sululu ili tabaka mpya ishikane na ya zamani.

Matatizo na dawa zake

Shimo. Usitupie kokoto ndani ya maji. Toa maji na tope, kata kingo ziwe wima hadi ufikie pagumu, jaza changarawe yenye unyevu kwa tabaka za sm 5 hadi 10, shindilia kila moja, malizia sm 2 juu ya usawa. Vipande vya matofali ya kuchoma vitasagika.

Shimo linarudi pale pale. Maji yanatoka chini. Chimba mtaro wa mshazari chini ya njia, kina cha sm 50, uuzungushie jiotekstaili, ujaze mawe, na utokee nje mahali palipo chini kuliko sakafu yake.

Tope linapanda juu ya changarawe na njia inatikisika. Msingi hakuna au umezama. Kuongeza tripu hakutasaidia. Ondoa sehemu hiyo na urudi hatua ya 5.

Inateleza mvua ikinyesha, ingawa ni ngumu. Mfinyanzi umezidi. Kwaruza sm 5, changanya kokoto za nusu inchi na mchanga mnene, shindilia.

Changarawe imelegea, mawe yanaruka, vumbi jingi kiangazi. Mfinyanzi umepungua. Ongeza moramu yenye mfinyanzi, changanya ikiwa na unyevu.

Mfereji unachimbika kwenye alama za magurudumu. Mgongo umekwisha. Kwaruza njia nzima, urudishe. Mteremko ukizidi sm 8 kwa mita, ongeza matuta mapana ya mshazari ya kuyatoa maji nje, kila mita 10 hadi 15.

Matuta madogo madogo yanayotetemesha gari, hasa karibu na geti. Yanaletwa na kukanyaga breki na kuondoka kwa nguvu kwenye changarawe kavu. Kuyasawazisha juu juu kunayarudisha. Kwaruza hadi chini ya mabonde yake, lowesha, shindilia upya.

Kalavati iko wazi lakini maji yanapita pembeni yake. Mdomo wa kuingilia uko juu kuliko sakafu ya mtaro, au ukuta wa mawe haujaungana na ardhi. Kabla gari halijapita tena, chungulia kama udongo wa juu yake haujaliwa kwa ndani. Ukisikia mwangwi unapogonga kwa sululu, fukua, jaza upya kwa tabaka, na ujenge ukuta mpya wenye mbawa mbili zilizoingia kwenye kingo.